Gimbi Lililogeuka Mtoto: Ngano za Moshi na Arusha Zinapotafsiriwa, Wenyewe Wanabaki na Nini?

Kuna ngano ya Kichagga ya kijana aitwaye Mrile, ambaye siku moja alikwenda na mama yake kuchimba maduma, yaani magimbi, na katika yale yaliyotengwa kuwa mbegu akaona moja zuri kiasi cha kusema kwamba linafanana na mdogo wake mchanga. Akalichukua kwa siri, akalificha ndani ya mti wenye uwazi, likageuka mtoto, naye akawa anampelekea chakula chake mwenyewe kila siku mpaka akakonda. Mama alipotaka kujua kinachommaliza mwanawe alimnyemelea, akamkuta yule mtoto wa gimbi, akamuua. Mrile aliporudi na kukuta mti hauna kitu, alikaa kwenye kigoda, akakiimbia, kigoda kikapaa naye. Akafika nchi ya Mwezi, ambako watu walikula vyakula vibichi kwa kuwa hawakuujua moto. Akawawashia, nao wakamlipa ng'ombe na mbuzi.

Ngano hiyo imesafiri kuliko Mrile mwenyewe. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, waliisikia kwa wazee na kuiingiza katika maandishi yao ya Kijerumani. Baadaye Alice Werner, aliyekuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu jijini London, aliisimulia upya kwa Kiingereza katika kitabu chake cha ngano za Wabantu kilichotoka mwaka 1933. Leo kijana wa Moshi anayelitafuta jina la Mrile kwenye simu yake hukutana nalo kwa Kiingereza, likiwa limeandikwa "Murile", na maduma ya mama yake yakiwa yamefafanuliwa kwa jina la kisayansi la mmea. Ajabu ni kwamba aliyeipeleka ngano hiyo kwenye Kiingereza alikuwa profesa wa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kikarukwa.

Naanza na Mrile kwa sababu mjadala unaoendelea sasa Moshi na Arusha, katika warsha za waandishi chipukizi, kwenye maonyesho ya picha na hata kwenye vikao vya ukoo, ni mjadala juu ya safari kama hiyo. Upande mmoja unasema kwamba simulizi za jamii zetu ziandikwe, zichorwe, ziigizwe na kutafsiriwa upesi iwezekanavyo, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, kabla wasimulizi hawajatutoka. Upande wa pili unasema kwamba simulizi ikishatoka mikononi mwa wenyewe hairudi, hivyo afadhali ibaki katika lugha yake na kwa watu wake, hata wakiwa wachache. Niseme mapema kwamba mimi hupata riziki kwa kuhariri na kutafsiri, kwa hiyo nina masilahi katika upande wa kwanza. Hata hivyo, kadiri ninavyoendelea na kazi hii ndivyo ninavyoona kwamba upande wa pili una hoja ambazo sisi wafasiri tumezoea kuzipitia kwa adabu bila kuzijibu.

Kwanza niliweke sawa jina la "watu wa asili", ambalo huja kila simulizi hizi zinapojadiliwa. Tanzania ilipiga kura ya kuunga mkono Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa tarehe 13 Septemba 2007, lakini serikali haijakubali kwamba ndani ya nchi wapo watu wa kuitwa hivyo kuliko wengine, kwa hoja kwamba Waafrika wote ni wenyeji wa asili wa bara lao. Wamaasai, Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Wabarbaig na Waakie wamejitambulisha kwa jina hilo katika mikutano ya kimataifa; Wachagga na Wameru kwa kawaida hawajiiti hivyo. Ugomvi huo sitauamua hapa. Kinachonihusu ni kifungu cha 31 cha Azimio, kinachotaja haki ya watu hao kutunza, kudhibiti, kulinda na kuendeleza urithi wao wa utamaduni, ikiwemo masimulizi, fasihi na sanaa za maonyesho. Neno lenye uzito hapo ni "kudhibiti", na swali la kudhibiti linamhusu bibi anayemenya ndizi Old Moshi sawasawa na laigwanani, kiongozi wa kimila wa Kimaasai, wa Ngorongoro.

Wanaotaka simulizi zitoke wana mfano mmoja ambao ni vigumu kuupinga, ingawa haukutokea kaskazini. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika riwaya ndefu kwa Kikerewe juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliotaka mtoto na wakapata taabu kumpata, na ndani yake akaweka kilimo, uvuvi, dawa, adabu za ukwe na misemo ya watu wake. Hakupata mchapishaji wa Kikerewe. Baada ya miaka mingi ya kungoja alikaa mwenyewe akaitafsiri yote kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1980, akiwa mzee wa miaka zaidi ya themanini. Mwaka uliofuata akafariki. Bila ile tafsiri riwaya hiyo ingebaki kuwa karatasi ndani ya sanduku, na panya wa Ukerewe hawachagui cha kutafuna. Anayesema kwamba kutafsiri ni kuiuza jamii yake atueleze Kitereza alimuuza nani.

Tena, Kiswahili hakikuja mlimani kama mgeni tu. Kinachoitwa Kichagga ni mkusanyiko wa lugha na lahaja, tangu Kisiha na Kimachame upande wa magharibi, kupita Kikibosho, Kiuru na Kimochi, hadi Kivunjo na Kirombo mashariki, na Mrombo akizungumza kwa kasi ya nyumbani kwao Mmachame atabaki anatabasamu tu. Kwa hiyo Petro Itosi Marealle, Mangi, yaani mtawala wa jadi, wa Marangu, alipotaka mwaka 1947 kueleza maisha ya Mchagga hapa duniani na ahera, alikiandika kitabu chake kwa Kiswahili, na kwa kufanya hivyo alizungumza na mlima mzima pamoja na watu wa nje ya mlima. Gazeti la Wachagga la miaka ya 1950 lilipewa jina la Kichagga, Komkya, yaani kumekucha, lakini habari zake zilisomwa kwa Kiswahili. Hawa walikuwa wenyeji wanaojisemea kwa lugha waliyoichagua wenyewe, na hawakuona kwamba wamepoteza kitu.

Lugha ya mbali zaidi nayo imekuwa na kazi yake. Wameru walipohamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki mnamo Novemba 1951 ili kuwapisha walowezi wa mifugo, Kirilo Japhet alikwenda mwaka 1952 hadi Umoja wa Mataifa huko New York kuisema kesi hiyo, na miaka kumi na mitano baadaye yeye na mwanasheria Earle Seaton waliisimulia katika kitabu cha Kiingereza. Tepilit Ole Saitoti, Mmaasai wa Ngorongoro, alichapisha Marekani vitabu viwili juu ya watu wake na juu ya maisha yake, mwaka 1980 na 1986. Watu hao walikwenda kuwatafuta wasikilizaji waliokuwa na uwezo juu ya ardhi na mifugo yao, na wasikilizaji hao hawakujua Kimeru wala Kimaa. Simulizi ambayo haitoki nyumbani haiwezi kutoa ushahidi mbele ya wageni.

Sasa upande wa pili. Hoja yake nzito naiona katika kazi ya Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na ambaye, kwa vipindi, aliishi Old Moshi hadi mwaka 1938. Gutmann aliwapenda Wachagga kwa namna yake, alitetea kihamba, yaani shamba la kurithi la Mchagga, ukoo na rika dhidi ya wazungu wenzake waliotaka kuvifuta, na akaandika zaidi ya mgeni mwingine yeyote wa wakati wake. Kati ya mwaka 1932 na 1938 alichapisha majuzuu matatu ya mafundisho ya jando na unyago ya Wachagga. Mafundisho hayo hayakuwa hadithi za jioni. Yalitolewa kwa watu wa rika fulani, mahali palipotengwa, na mwalimu akitumia mregho, fimbo iliyochanjwa alama ambazo kila moja ilikuwa na fundisho lake. Aliyefundishwa aliapishwa asiyatoe kwa wanawake kama ni mwanamume, wala kwa wanaume kama ni mwanamke, wala kwa watoto kamwe. Yalipoingia kitabuni yakawa ya yeyote mwenye kadi ya maktaba na Kijerumani cha kutosha.

Hapa pande zote mbili zinaweza kumshika Gutmann mkono. Wa kwanza watasema kwamba asingeandika yangefutika kabisa, kwa kuwa jando lenyewe lilififia, na kanisa lililomtuma Gutmann lilikuwa miongoni mwa waliolififisha. Wa pili watajibu kwamba kitu kilichotunzwa kwa kukiuka sharti la kutunzwa kwake hakijatunzwa, kimehamishwa tu, na kwamba mjukuu wa mzee aliyemsimulia Gutmann anahitaji Kijerumani ili asome siri ya babu yake, wakati mwanafunzi wa Leipzig hahitaji Kichagga. Nimewahi kuuelekea upande wa kwanza katika jambo hili, na sasa nina shaka. Wale wazee walikuwa watu wazima wenye akili zao, inawezekana waliamua kwa hiari kwamba maandishi ya mchungaji ni bora kuliko kimya. Lakini majuzuu yale yamebeba jina la mwandishi mmoja mgongoni, nalo si la mzee wa Old Moshi.

Jambo linalofanana na hilo limetokea kwa vitu vya kushikika. Mwaka 2018 ujumbe wa Wamaasai kutoka Tanzania na Kenya ulikwenda kwenye makumbusho ya Pitt Rivers huko Oxford, ukatambua kati ya vitu vya Kimaasai vilivyowekwa pale vitano ambavyo kwa mila havikupaswa kuwa nje ya familia zao. Kadi zilizoandikwa kando ya vitu hivyo zilikuwa tafsiri pia, yaani watu waliokwisha kufa walieleza kwa lugha yao jambo wasilolielewa. Mmaasai mwenyewe ilibidi asafiri kwa ndege ili aisahihishe.

Katika sanaa za maonyesho mjadala unabadilika sura, kwa sababu huko fedha inaonekana kwa macho. Barabara ya kutoka Arusha kwenda Karatu na Ngorongoro ina maboma ya utamaduni ambako watalii hulipa kiingilio, wakaimbiwa, wakaona vijana wakiruka, wakaonyeshwa nyumba ya udongo na samadi, kisha wakapelekwa kwenye shanga. Mruko ule ni wa morani na una mahali pake katika sherehe; wimbo wake una mwongozaji na waitikiaji, na mwongozaji mzuri hubuni maneno papo hapo, akimsifu huyu na kumtania yule. Bomani wimbo unakatwa ili uishe kabla dereva hajaanza kutazama saa. Wanaokerwa wana sababu. Lakini niliwahi kusimama nyuma ya kundi la wageni nikiwa na rafiki yangu anayejua Kimaa, naye akawa anacheka peke yake, kwa sababu mwongozaji alikuwa anaimba juu ya kaptura ya mgeni mmoja na miguu yake myeupe, na waitikiaji wakaitikia kwa nguvu zote. Mgeni alipiga makofi. Ufundi wa kubuni papo hapo haukuwa umekufa hata kidogo; ulikuwa hai mbele ya watu wasioujua, na mkalimani aliyesimama pale alitafsiri kwamba huu ni wimbo wa kuwakaribisha wageni.

Huenda huyo mkalimani ndiye mfasiri mwenye kazi nyingi kuliko sisi sote tunaoketi na kamusi. Waongoza watalii wa Arusha hutafsiri simulizi za Wamaasai, Wahadzabe na Wadatoga kila siku ya msimu, kwa Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa na Kihispania, na hakuna anayewahariri. Baadhi yao hufanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa. Wengine husema kile ambacho mgeni amekuja kukisikia, na maneno hayo hurudi baada ya mwaka yakiwa kwenye kitabu cha mwongozo, yakasomwa na muongozaji mpya anayejifunza kazi.

Njia nyingine ilijaribiwa Arusha na wanamuziki. Kundi la X Plastaz, lililoanza miaka ya 1990, lilimweka Merege, Mmaasai aliyeimba kwa namna ya kwao, pamoja na vijana wa mjini waliorapu kwa Kiswahili, na albamu yao ya mwaka 2004 ikafika mbali. Sauti ya Kimaa haikutafsiriwa ndani ya wimbo. Ilikaa palepale, imejaa, na msikilizaji wa Kaloleni au wa Amsterdam akaichukua jinsi ilivyo. Wapo waliosema kwamba Mmaasai yule alikuwa pambo, kama shuka nyekundu kwenye tangazo la benki. Sikubaliani nao. Mtu aliyewekwa kama pambo haachiwi kiitikio.

Nikirudi kwenye maandishi, ugumu unajitokeza pale neno moja linapobeba mambo mawili ambayo Kiswahili kimeyatenganisha. Kwa Kimaa, Engai ni Mungu na pia ni mvua, na kisarufi ni jina la kike. Wamaasai humtaja Engai Narok, mweusi na mwema, na Engai Nanyokie, mwekundu wa hasira. Kwa Kichagga, Ruwa ni Mungu na pia ni jua. Mfasiri akiweka "Mungu" kila mahali ameandika Kiswahili safi, na ameifuta mvua ya nyika na jua la mlimani kwa mkupuo mmoja; jirani wawili wanaotazamana kati ya Sanya na Machame, mmoja akiomba mawingu na mwingine akishukuru kuchomoza kwa mwanga, wanageuka kuwa watu wa sala moja. Akiacha "Engai" na "Ruwa" bila kueleza, msomaji wa Tanga atayaona kama majina ya wahusika. Mimi nimekuwa nikiacha neno la asili na kulieleza mara moja ndani ya sentensi, bila kuchafua ukurasa kwa maelezo ya chini, lakini nakiri kwamba njia hiyo hufaa kwa neno moja au mawili. Kwa kumi inakuwa darasa.

Kisha kuna wahariri. Ngano nyingi za Kichagga haziishii na funzo. Mrile anarudi kutoka Mwezini akiwa juu ya ng'ombe dume ambaye amekubali kumbeba kwa sharti kwamba kijana asile nyama yake. Wazazi wanamchinja yule ng'ombe. Mama anaficha mafuta yake ndani ya chakula cha mwanawe. Mrile anakula bila kujua, na ardhi inammeza. Imeisha. Mswada wa namna hiyo ukifika mezani kwa mchapishaji wa vitabu vya shule, jambo la kwanza litakaloulizwa ni funzo lake, na la pili ni kama yule mama anaweza asiue. Kwa hiyo simulizi hupitia tafsiri mbili, ya lugha na ya adabu, na mara nyingi ya pili ndiyo inayoharibu zaidi. Hata hivyo simlaumu mchapishaji kupita kiasi, kwa kuwa vitabu vya hadithi vinanunuliwa na shule kuliko na wazazi, na shule ina mtaala wake.

Sheria nayo imegusa jambo hili, kwa mkono usiofika mbali. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inahimiza watu na taasisi kuandika, kukusanya, kutafiti, kuhifadhi na kutafsiri lugha za jamii zetu, ambazo ni zaidi ya 120, ingawa shuleni zimebaki nje ya mlango. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilipotungwa iliweka sehemu ya kulinda sanaa za jadi, kwamba anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya kimila apate kibali, na mwenye kutoa kibali akawa Baraza la Sanaa la Taifa. Kwa ulinzi dhidi ya mgeni anayerekodi ngoma na kuuza, hilo ni jambo jema. Lakini ukiisoma sheria hiyo ukiwa umekaa Old Moshi utaona kwamba ukoo, rika au kijiji hakina kalamu ya kutia saini. Baraza liko Dar es Salaam, na mwenye ngano yuko mgombani.

Mipaka ya nchi inaongeza lake. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, sherehe tatu za kupanda rika za wanaume wa Kimaasai, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa maombi ya Kenya. Morani wa Longido anafanya Eunoto hiyohiyo na binamu yake wa Kajiado, ila kwenye karatasi sherehe ina pasipoti.

Nikipima yote hayo, sioni kwamba kosa liko katika kutafsiri wala katika kuacha kutafsiri. Kosa lililojirudia tangu wakati wa Leipzig ni tafsiri kusimama mahali pa asili yake, na mwenye asili kutokuwa na nafasi ya kusema "hapo sivyo". Kitereza alitafsiri mwenyewe, akajua anachokipunguza. Hasara yake ni kwamba ulimwengu ulikipokea Kiswahili chake na kukiacha Kikerewe chake nje ya uchapishaji. Marealle aliandika kwa Kiswahili akiwa Mangi, akaamua mwenyewe nini kisemwe. Wasimulizi wa Gutmann hawakupata hata jina mgongoni mwa kitabu. Kwa hiyo kama ningetakiwa kusimama upande mmoja, ningesimama na wanaotaka simulizi zitoke, kwa masharti ambayo ni ya wale wa upande wa pili: sauti ya asili itunzwe pamoja na tafsiri na isifutwe baada ya kitabu kutoka, msimulizi atajwe kwenye jalada kama mwandishi na si kwenye shukrani, na tafsiri irudi asomewe kabla haijachapwa, hata ikimlazimu mfasiri kupanda tena daladala ya Kidia na mswada kwenye mfuko wa rambo.

Najua pingamizi lake, kwa kuwa nimeambiwa mara nyingi na watu wa fedha. Kuchapa kitabu kwa lugha mbili ni kuchapa kurasa mara mbili, na msomaji wa Kichagga cha maandishi ni adimu. Watoto wengi wa Moshi mjini wanakielewa wakikaripiwa, hawakizungumzi. Pingamizi hilo lilikuwa na nguvu wakati karatasi ilikuwa njia pekee. Sasa sauti ya asili haihitaji kurasa, na kama msomaji ni adimu msikilizaji si adimu, hasa mwezi Desemba, Wachagga wanapojaa mabasi kurudi nyumbani kwa Krismasi.

Desemba iliyopita nilialikwa kwenye jiko moja la Old Moshi. Bibi alikuwa anamenya mshare za mtori, maganda yakianguka kwenye beseni, na mjukuu wake aliyetoka Dar es Salaam alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la maziwa ili irekodi. Bibi alimsimulia Mrile kwa Kimochi. Mama wa kijana alikuwa anatafsiri kwa Kiswahili kwa sauti ya chini. Bibi aliposema maduma kijana aliuliza ni nini, akaambiwa magimbi, akasema, "Kumbe ni magimbi tu." Bibi aliacha kisu. "Magimbi ya kununua Mbuyuni ni magimbi. Haya ni maduma ya mbegu." Walipofika kwenye wimbo wa kigoda yule mama alinyamaza, na kijana alipomgeukia akamwambia, "Hapo sikiliza tu." Baadaye kijana alitaka kukata kipande cha mama kumuua mtoto, kwa sababu shangazi zake wangelalamika kwenye kundi la familia la WhatsApp. Bibi alimwuliza, "Ukikitoa, Mrile anaondoka nyumbani kwa sababu gani?" Kipande kilibaki.

Rekodi ina dakika kumi na tisa, na kijana ameiita "Bibi Mrile 1". Ya pili haipo. Bibi alipomaliza aliwaita binti zake na wajukuu wa kike wasogee jikoni, akasema ana nyingine. Yule mama akaichukua simu kutoka kwenye kopo, akaizima, akaiweka mfukoni mwa aproni, na mimi na kijana tukaombwa tukaangalie kama mbege ya babu imekuwa tayari.